Bi Hebu na Njia ya Baiskeli

Asubuhi ile mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mlango wa nyuma, anageuza mifuko ya nguo za watu. Suruali ya karani wa posta ilitoa pini na karatasi ya peremende. Akavitia kwenye kopo. Akainusa suruali, akakunja uso.

"Karani ameanza tena sigara."

"Labda alikaa na wavutaji," nikasema.

"Moshi wa jirani hukaa begani, fundi. Huu uko mfukoni."

Mimi nilikuwa nawasha mkaa wa pasi. Mkaa ulikuwa na unyevu, ukafuka moshi hadi macho yakaniwasha. Akanitazama.

"Aliyekuuzia huu mkaa anakuona rafiki au mjinga?"

"Vyote viwili."

Akacheka. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Akaniambia nifunge kifungo cha juu, baridi ya mlimani inashuka. Nikafunga. Akabeba beseni la shuka za gesti akaenda kuanika, nami nikawa nasikia vibanio vikibana kwenye kamba. Hakuna kingine kilichotokea. Kesho yake aliamka mkono wa kulia haushiki kitu. Kabla ya wiki kwisha tulimzika.

Asubuhi ile naikumbuka kuliko harusi yetu.

Alikuwa dobi. Jina alilopewa na watu lilikuwa Bi Hebu, kwa sababu ukimwambia jambo lolote jibu lake la kwanza lilikuwa "hebu kwanza." Ukimwambia sukari imeshuka bei, hebu kwanza. Ukimwambia mvua inakuja, hebu kwanza, anatoka mwenyewe kuangalia. Binti yetu alipokuja kusema kuna kijana anataka kumwoa, mama mtu alikuwa ameinamia beseni. Hakuinua kichwa. Alisema, "Hebu kwanza. Niletee shati lake nilifue." Yule mkwe wetu alifuliwa mashati hadi yakapauka ndipo akapewa kiti.

Wapo waliosema ana roho mbaya. Hakuwa nayo. Alikuwa ameumwa na mtu.

Zamani tulikaa upande wa pili wa mji, karibu na kisima. Alikuwa na kamba zake nyuma ya nyumba. Jirani akaja kwa upole, akaomba apitishe mkokoteni pale, njia tu, si kingine. Mke wangu akasema pita. Mkokoteni ukapita. Baadaye yakapita matofali. Mwisho tukaamka siku moja kuna ukuta, kamba zetu ziko upande wa pili wa ukuta, na shuka za watu zimelazwa juu ya majani. Tulikwenda kwa wakubwa, tukarudi. Mambo yakaishia hapo.

Tukahamia huku chini ya mlima, ambako watu walikuwa hawapataki kwa sababu ya mteremko. Mimi ni mwashi. Nilijenga nyumba, nikachonga mlima kwa nyuma, nikampatia uwanja. Uwanja ule jua haliondoki mpaka jioni, upepo unashuka wenyewe, vumbi hakuna. Shuka ikianikwa asubuhi, mchana unaikunja. Uwanja ule ndio uliomfanya dobi. Bila huo angekuwa mwanamke mwenye beseni.

Tangu ule ukuta, alipima watu. Na kipimo chake kilikuwa kifungo.

Baba yake aliacha koti zito lenye vifungo vya kahawia, vikubwa, vimetobolewa matundu manne. Koti lililiwa na nondo, vifungo vikabaki. Mteja mpya akishazoea kuleta nguo, siku moja mke wangu anatia kifungo kimoja kwenye mfuko wa nguo safi, anaikunja, anaipeleka. Hasemi neno. Halafu anangoja. Anayerudisha, mtu. Asiyerudisha, anaendelea kufuliwa vizuri tu, lakini haaminiwi na kitu kingine maisha yake yote.

Nilimwuliza siku moja kwa nini asitumie vifungo vya dukani. Akaniambia, "Ukimpima mtu kwa kitu kisichokuuma, umepima nini?"

Mimi mwenyewe nilipimwa. Nilikuwa kijana, nina shati moja la kwendea watu. Nikatia mkono mfukoni nikakuta kifungo. Nikakilinganisha na vyangu, si chenyewe. Nikamrudishia jioni, nimejaa saruji mpaka kwenye kope.

"Si changu," nikamwambia.

"Najua."

"Sasa kwa nini kiko kwangu?"

"Kesho lete na suruali," akasema.

Kuchumbiana kwetu kulikuwa hivyo. Maneno mengine yalisemwa na wazee.

Sasa baiskeli.

Zilianza kuja kidogo kidogo. Si hizi zetu za kubebea magunia. Zile tairi zake nene, zina meno, mbele zina shokapu kama pikipiki, hazina keria wala kengele. Wenyewe walitoka miji mikubwa, wakalala gesti, na alfajiri wakazisukuma hadi kileleni kwa njia za wakata kuni. Wakifika juu wanazipanda, wanateremka mbio kama wamekurupushwa na nyuki. Wakifika chini wanageuza, wanazisukuma tena juu.

Mji ukashikwa na shaka. Mtu mzima, ana meno yake yote, anapanda mlima kwa jasho ili ashuke? Kinyozi alisema wanapima madini. Muuza mkaa alisema wanatafuta viwanja. Nikamletea mke wangu hayo maneno.

"Mtafuta madini huinama," akasema. "Hawa hawainami, wanaanguka."

"Basi wanatafuta nini?"

"Ndiyo ninayoogopa. Asiyejua anachotafuta, siku akikiona kwako atasema ni hiki."

Nguo zao zikaja kwetu. Mke wangu hakuwa amewahi kuona tope kama lile. Mashati yao yanateleza kama samaki, hayana kifungo hata kimoja, yana zipu, na mifuko iko mgongoni, chini kule kiunoni. Hiyo mifuko ilimnyima usingizi.

"Mtu anaweka mfuko mgongoni, fundi. Anamficha nani? Anajificha mwenyewe?"

"Labda mbele wanapigwa na upepo."

"Hebu kwanza," akasema, akazigeuza zote.

Kiongozi wao alikuwa msichana mmoja mrefu, mchekaji, ambaye kila tukimwona ana tope hadi masikioni. Mke wangu akamwita Tope. Akaitika. Ikawa jina lake mji mzima.

Siku moja Tope alikuja na mwenye gesti. Mwenye gesti ni mtu wa maneno. Aliingia mikono mbele.

"Bi mkubwa, neema imebisha hodi."

"Hodi nimeisikia. Neema sijaiona."

Akaeleza. Njia nzuri kuliko zote za mlima ule, yenye kona na mawe ya kurukia, inashuka hadi nyuma ya nyumba yetu, halafu inakwama. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Katikati uwanja wetu. Wakiruhusiwa kupita uwanjani watatokea barabarani, wafike mpaka mlangoni kwa gesti. Watu watakuja wengi. Mashindano yatakuja. Mji utajulikana.

"Wanaomba njia tu," akasema. "Si kingine."

Hapo nilijua amekwisha haribu. Mke wangu aliweka chini sabuni.

"Neno hilo nimewahi kuambiwa."

"Bi mkubwa, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mwenyeji apone kwanza. Ndipo mgeni aje."

Tope alikuwa anaangalia shuka zilizokuwa kambani. Akauliza tu, "Mama, zikipata tope inakuwaje?"

"Nafua upya. Kwa maji yangu, kwa sabuni yangu, kwa mgongo wangu."

Tope akatikisa kichwa. Wakaondoka.

Mwenye gesti alikwisha kupimwa zamani. Alipokuta kifungo alikirudisha siku ileile, lakini alikirudishia dukani, mbele ya watu, amekiinua juu: jamani, mimi mali ya mtu silali nayo! Watu wakamsifu. Mke wangu alipokea, akasema ahsante, akanong'ona njiani: "Hajanirudishia mimi. Kawarudishia waliokuwa dukani."

Basi wiki ile akatia kifungo kwenye shati la Tope. Kwenye ule mfuko wa mgongoni. Vilikuwa vimebaki viwili, akatoa kimoja.

Tukangoja. Tope alikuja kuchukua nguo, akaleta nyingine, akacheka, akaenda. Kifungo hakuna. Akaja tena. Hakuna. Wageni wakaondoka na Tope akaondoka nao.

"Basi," mke wangu akasema. "Njia hawapati."

Mji ukatununia. Binti yetu ana kibanda cha chai barabarani. Alikuja na kanga yake imefungwa kiunoni, nikajua leo kuna kesi.

"Mama, unazuia mji mzima kwa ajili ya kamba?"

"Kamba hizo zimekulisha."

"Na mimi nalisha wako, wajukuu zako! Wale watu wanakunywa chai kama ng'ombe. Kosa lao nini?"

"Wamechukua kilicho changu."

"Nini?"

Akainamia beseni. Kipimo hakisemwi. Ukikisema si kipimo tena. Binti akanigeukia.

"Baba, na wewe umekaa kimya tu?"

"Nimezoea," nikasema.

Mwenye gesti akahamisha shuka zake, akampa dobi wa upande wa kisima. Ilituuma. Shuka za gesti ndizo zilizokuwa zikijaza kamba. Uwanja ukabaki na mashati ya karani na taulo za kinyozi, zinapepea kama watu waliochelewa sherehe. Nikamwambia mke wangu labda kifungo kilidondoka. Mfuko wenyewe uko mgongoni, mtu haoni.

"Unamtetea?"

"Nauliza."

"Kikulacho ki nguoni mwako, fundi. Na nguo nazifua mimi."

Sikuuliza tena. Mvua zikaja, zikaisha.

Tope akarudi. Alikuja peke yake, anaisukuma baiskeli, kifurushi cha nguo kiko mgongoni. Akaiegemeza kwenye ukuta wetu, akaingia kunywa maji. Sasa mke wangu uchafu haupiti mbele ya macho yake. Akachukua kitambaa, akaanza kuifuta ile baiskeli, anagomba peke yake kwamba chuma kizuri hivi na hakina mama. Akafuta tairi, akafuta kiti, akafika kwenye usukani. Kitambaa kikasimama.

"Fundi. Hebu kwanza. Njoo."

Nikaenda. Kwenye usukani, katikati, pamefungwa waya mwembamba. Kwenye waya kuna kifungo cha kahawia chenye matundu manne. Kimesuguliwa hadi kinang'aa.

Tope akatoka na kikombe mkononi.

"Hiki umekitoa wapi?" mke wangu akamwuliza.

"Si ulinipa wewe, mama?"

"Mimi?"

"Nilikikuta mfukoni nguo zilipotoka kwako. Nguo zangu hazina vifungo. Nikasema, kumbe huyu mama anajifanya mkali tu, kanipa kitu cha kunilinda. Na kweli, sijaanguka tangu hapo." Akafikiri. "Nimeanguka mara moja. Lakini siku hiyo nilikuwa kwenye baiskeli ya mtu."

Mimi nilikwenda kukohoa kule kwenye mkaa, nisionekane nacheka. Miaka yote ile mke wangu alipima watu wenye mashati ya vifungo. Mwenye shati la vifungo akikuta kifungo hujua kuna mtu amekipoteza. Hakuwaza kwamba asiye navyo ataona ni zawadi.

Lakini yeye hakucheka. Alikuwa bado amekishika.

"Na nikisema nakitaka?"

Tope akaweka kikombe chini. Hakuuliza kwa nini. Akatoa koleo dogo kwenye mkoba wa chini ya kiti, akakata waya, akampa kwa mikono miwili. Uso umeshuka kidogo, kama mtoto aliyeambiwa arudishe kifaranga.

Mke wangu akakitia mfukoni. Akazunguka uwanja. Aligusa kila nguzo. Alirudi, akakaa kwenye kigoda.

"Sikiliza, Tope. Mtapita."

Tope akaruka.

"Hebu kwanza! Sijamaliza. Mkifika kwenye jiwe lile kubwa, mnashuka. Mnasukuma kwa miguu mpaka barabarani. Nguzo haing'oki. Kamba haisogei. Siku nikikuta tone la tope kwenye shuka, tone moja, njia imekufa, na usije kunililia."

"Sawa, mama."

"Na asije mtu kuniambia apanue."

"Sawa, mama."

Akatoa kifungo, akavuta uzi mzito wa kushonea magunia, akakifunga mwenyewe kwenye usukani. Alifunga fundo lile la madobi, ambalo likilowa ndipo linapokaza.

Baiskeli zikaja. Chai ya binti yetu ikawa haikai kwenye birika. Mwenye gesti alirudisha shuka zake, akisema yule dobi mwingine anaunguza. Wageni walifika kwenye jiwe, wakashuka, wakapita kati ya shuka wameinamisha vichwa, wamenyanyua baiskeli begani wengine, wanasalimia: shikamoo mama, shikamoo baba. Mke wangu aliitikia, macho yako kwenye matairi. Nilijisemea, siku moja tone litapatikana. Halikupatikana.

Halafu ikaja ile asubuhi ya mkaa wenye unyevu.

Baada ya kumzika nilitia mkono kwenye mifuko yangu yote. Koti, mashati, suruali ya kazi. Nilifikiri labda. Hakukuwa na kitu. Kifungo cha mwisho nilikikuta kwenye kopo, pamoja na pini ya karani.

Watu bado wamekaa kwenye mikeka ya msiba, mwenye gesti akanisogelea. Akanipa pole, akanishika bega. Akasema mji umempoteza mama. Akasema, kwa heshima yake, ile njia ipewe jina lake. Na kwa kuwa sasa hakuna anayefua, nguzo zile zingeweza kutolewa, ili baiskeli zipite bila kushuka, hata mashindano yaishie palepale uwanjani, na viti vya watazamaji. Na kipande kidogo tu cha ule upande wa jikoni kingeongezwa.

Nikamwangalia. Mkono wake bado uko begani kwangu.

"Hebu kwanza," nikasema.

Waliokuwa karibu waligeuka wote. Binti yetu akaanza kulia upya.

Tope alikuja siku iliyofuata. Hakuwa na tope. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake wote. Binti yetu alikuwa amekwisha mwambia habari ya vifungo, maana baada ya msiba nilimweleza. Akakifungua kile cha kwenye usukani, ilimchukua muda, fundo lilikuwa limekaza. Akanipa kwa mikono miwili.

"Baba, sikujua kilikuwa mtihani. Nisamehe."

Nikakishika. Kina joto la mkono wake. Nilitaka kumwamini, na nilipotaka hivyo nikajihadhari. Mke wangu hayupo sasa wa kutazama matairi. Mwenye gesti ana maneno. Msichana ana machozi. Machozi nayo ni maji tu, dobi anajua. Nikamwambia, "Kaa nacho. Nitakuona."

Nikamrudishia.

Nikaanza kumvizia. Kamba zilikuwa tupu, binti yetu, aliyesema atashika kazi ya mama yake, hajaanza bado kufua. Uwanja mtupu, nguzo tu, na mtu akishuka kule juu anaona wazi kwamba hakuna shuka, hakuna kigoda, mlango umefungwa. Mimi nilikaa ndani, gizani, nyuma ya dirisha la jikoni, sikohoi. Nikasema, leo nitajua.

Nikasikia breki kule juu. Kokoto zikamwagika. Akatokea kwenye kona kwa kasi hadi baiskeli ikawa inaimba. Alikuwa peke yake. Barabara iko mbele yake, nyeupe, hakuna kitu katikati. Mimi mwenyewe ningepita.

Akafika kwenye jiwe kubwa. Akashuka.

Akaisukuma kwa miguu kati ya nguzo, polepole, na alipofika zilipokuwa shuka za gesti aliinamisha kichwa, kama zipo.

Nikafungua mlango, nikatoka. Tulisalimiana. Nikamwambia nguzo hazing'oki, kesho binti yangu anaanika, na mwenye gesti nimekwisha mjibu. Akasema sawa, baba.

Nimebaki na jambo moja la kusema. Jioni ya siku ile mke wangu alipokifunga kifungo kwenye usukani, tulikuwa tunakunja shuka, yeye kashika ncha zake, mimi ncha zangu. Nikamwuliza, basi leo hatimaye umepata mtu wa kumwamini? Akavuta shuka ikanyooka, akaja kwangu na ncha zake, akazitia mkononi mwangu. Akasema:

"Sijamwamini, nimemzoea tu. Wa kuaminiwa ni wewe, fundi, na wewe bado nakuangalia."